Mwaka Ambao Pua ya Owino Ilikufa

Kemunto tulimzika Jumamosi iliyopita, kwenye mteremko wa migomba nyuma ya nyumba ya mwanawe wa mwisho, na mvua ilikuwa ile nyembamba ambayo mtu hajui kama amelowa mpaka ashike nguo yake. Mimi nilipewa kiti karibu na kaburi kwa sababu nimezeeka na magoti yangu hayana adabu tena. Kila aliyesimama kusema alisema Kemunto alikuwa mtu mkweli, hajui uongo, hata bei ya kuku alikuwa anashindwa kudanganya. Nikawa natikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Lakini moyoni nilikuwa nawaambia, ninyi watoto, huyu nyanya yenu alisema uongo mmoja mkubwa, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyemlea, na aliusema kwa ajili yangu. Hakuna mwingine aliye hai anayejua. Nilikaa na hilo jambo pale kwenye kiti mpaka wakamaliza kufukia.

Baada ya mazishi mjukuu wake Moraa aliniletea chai. Moraa ni nesi Eldoret, msichana wa maneno machache, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kuandika haya. Aliketi karibu nami akasema, "Nyanya, nasikia wewe na nyanya Kemunto mliishi pamoja kwa majani chai, wakati wa wakoloni."

"Tuliishi ukuta mmoja," nikamwambia. "Akipika kwake mimi nakohoa kwangu."

"Na mzee wako wa kwanza, yule aliyekufa kijana. Alikuwa anaugua nini?"

Nikamwambia kichwa. Akauliza kichwa cha namna gani, na nilipoanza kumweleza, kwamba pua ilikufa kwanza, halafu jicho moja, halafu akili ikawa ya mtoto anayecheka, aliweka kikombe chini kwenye nyasi. Akagusa katikati ya nyusi zake kwa kidole. "Ni uvimbe, nyanya. Unakaa hapa nyuma, kwenye sakafu ya fuvu, juu tu ya pua. Hata sisi tunauona mara chache sana. Lakini siku hizi picha inauonyesha kabla mtu hajapofuka, na wakati mwingine daktari anaufuata kupitia puani."

"Puani?"

"Puani, na chombo chembamba chenye taa. Mwingine habaki hata na kovu."

Nikaweka chai yangu chini. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo waliniona nikishika pua yangu mwenyewe, wakadhani namlilia Kemunto, wakaniletea leso.

Nilifika kwenye laini, vile vyumba vya wafanyakazi wa kiwanda cha chai Kericho, nikiwa sijatimiza miaka kumi na minane, miaka ya thelathini ikiwa imeanza tu, nikiwa na sanduku la mbao, chungu kimoja, na elimu ya kusoma Injili ya Marko bila kufuata kwa kidole. Nilikuwa mtu wa kuota. Niliota nyumba ya mabati yenye dirisha la kioo, niliota cherehani, niliota hata gramafoni, ingawa nilikuwa nimeisikia mara moja tu kupitia dirisha la duka la Mhindi. Chumba tulichopewa kilikuwa cha udongo, sakafu ya udongo, moto katikati, na ukuta wa upande wa kulia ulikuwa wa matete yaliyopakwa matope. Ng'ambo ya matete hayo aliishi Kemunto, mke wa Mkisii mmoja aliyeendesha mkokoteni wa ng'ombe. Siku ya kwanza kabisa, nikiwa bado nafungua sanduku, sauti yake ikapita ukutani, kwa Kiswahili kilichojikwaa zaidi ya changu: "Mke ya Pua, umefika? Kama huna chumvi, sema. Usione haya. Hapa hata haya tunaazimana."

Pua ndilo jina walilompa mume wangu Owino kiwandani. Majani ya chai yakishanyauka na kusokotwa hutandazwa kwenye sakafu ya saruji, kwenye chumba chenye unyevu na giza kidogo, nayo hubaki pale yakibadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Mtu lazima aseme sasa, yapelekwe kwenye moto. Akisema mapema, chai ni chungu na mbichi. Akichelewa, imekufa, haina ladha hata ya maji ya kuoshea sufuria. Meneja Mzungu alikuwa na saa, lakini saa haijui kama leo kuna ukungu au jua. Owino alikuwa anapiga magoti, anaingiza uso kwenye majani, na kunusa. Aliniambia harufu inaanza kama nyasi iliyokatwa, halafu inapita mahali fulani kama tango, halafu ghafla inageuka kuwa kama mapera yaliyoiva juani, na hapo hapo, kabla mapera hayajazidi, ndipo unapoinua mkono. Nyapara wa chumba hicho alikuwa Mkipsigis mmoja, arap Rono, mtu mrefu aliyemheshimu kwa namna yake. "Pua," alikuwa akiita, "njoo uniambie kama hii shamba imeiva." Owino alikuwa mtu mkimya. Akirudi nyumbani anakula, anakaa mlangoni, anatazama mteremko wa michai mpaka kule kwenye msitu, na mimi ndiye nasema. Nilikuwa nasema kwa watu wawili.

Nikitazama nyuma naona ilianza na samaki. Binamu yake alikuwa amepita akitoka Kisumu na ngege waliokaushwa vibaya, safari imekuwa ndefu, na nilipowafungua kutoka kwenye majani ya mgomba nilirudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nikienda kuwatupa. Owino akaingia, akaona samaki, akaketi kama mtu aliyekaribishwa karamu, akasema, "Wapike, nyar Seme." Ndivyo watu wetu wanavyomwita mke, binti wa mahali fulani, na kwetu ni Seme. Nikasema wameharibika. Akainama akanusa, akasema, "Wako sawa." Niliwapika na pilipili nyingi. Alikula, akanisifu, akaomba mchuzi tena. Mimi nilimtazama nikafikiri, huyu mtu ananipenda kiasi hiki, anakula uvundo ili asinitie aibu. Nilienda kumsimulia Kemunto, macho yangu yakiwa na machozi. Akafikiri kidogo akasema, "Wangu angenitupia sufuria. Wewe umepata malaika. Mpe chumvi ya tumbo kesho."

Tumbo halikumuuma. Ila kiwandani mambo yakaanza kwenda vibaya, polepole. Alikuwa anainua mkono kwa kukisia, akitazama rangi na kupima joto la majani kwa nyuma ya kiganja, na kwa muda ikafaa. Kisha mvua za masika zikaja na giza lake chumbani, rangi haionekani, na majani ya siku nzima yakaharibika, na siku nyingine tena. Arap Rono alikuja mwenyewe mlangoni petu. Alisimama, hakutaka kiti.

"Mama," akaniambia, "huyu mtu anakunywa bombe wapi?"

"Hanywi, mzee."

"Wote wanasema hivyo. Mimi sijaona yeye akinywa. Lakini mtu mwenye pua kama ile haiwezi kupotea bure." Akamtazama Owino. "Wewe ndugu yangu, sema tu. Nitakusaidia ukisema."

Owino akamcheka usoni. Sikuwa nimemsikia akicheka namna hiyo, kicheko cha tumboni, kirefu. Arap Rono akaondoka, na kesho yake Owino akawekwa kwenye kuni, kuzipasua na kuzipeleka kwenye tanuri za kukaushia.

Sasa naandika sehemu ambayo imenichukua miaka mingi kuielewa, nayo bado ni ngumu. Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Mume wangu mkimya alifunguka. Alirudi kutoka kwenye kuni akiimba, akamtania Kemunto kupitia ukuta, akamuuliza kama mumewe bado anawapenda ng'ombe kuliko yeye, na Kemunto akamjibu kwamba ng'ombe angalau wanarudi nyumbani wakiitwa. Alinishika kiuno mbele ya watu. Alisema mambo ambayo mwanamume wa kwetu hasemi, kwamba shingo yangu ni nzuri, kwamba atanijengea nyumba yenye madirisha pande zote. Mimi niliyekuwa nikiota peke yangu nikapata mtu wa kuota naye. Niliamini kwamba kupoteza ile kazi ya kunusa kumemwondolea mzigo. Nilikuwa nikienda mtoni kuchota maji na ninajicheka mwenyewe njiani kwa furaha.

Halafu kichwa. Asubuhi alikuwa anaamka ameshika paji la uso, anatapika, na baada ya kutapika anacheka tena kama aliyesahau. Akaanza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango, kila mara upande wa kulia. Akaenda kwenye matanga ya mtoto wa jirani akacheza ngoma katikati ya wanawake wanaolia, na nilipomvuta mkono alinitazama kwa upole, bila aibu hata kidogo. Siku moja alikojoa kwenye maua ya meneja, huku akimwamkia kila mtu anayepita. Wanaume wa laini wakasema amerogwa, wengine wakasema ni kaswende imepanda kichwani. Kemunto alikuja akaketi karibu na moto wangu, akanisaidia kuchambua maharagwe. Baadaye akasema, "Akelo, huyu si Owino anayefurahi. Huyu ni mtu mwingine amevaa Owino." Nilimkasirikia. Sikumsalimia mpaka kesho yake jioni, naye alinisalimia kana kwamba sikuwa nimekasirika.

Wakati huo alikuwa amekuja daktari wa macho kutoka Nairobi kuwatazama Wazungu wa mashamba, na siku ya mwisho alikubali kuwaona watu wengine kwenye baraza la hospitali. Tuliketi kwenye nyasi pamoja na watoto wenye macho yanayotoka usaha na wazee wenye mtoto wa jicho. Daktari alikuwa mzee mwenye mikono safi sana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashamba. Alimulika jicho la kulia la Owino kwa taa ndogo yenye tundu, akakaa humo muda mrefu. Akamulika la kushoto. Akarudi la kulia. Kisha akaingia ndani, akatoka na vitu kwenye sinia.

"Funga macho. Funga hii tundu ya pua kwa kidole. Sasa vuta. Hii nini?"

Ilikuwa kahawa. Mimi niliyekuwa nimeketi mbali nilikuwa naisikia.

"Maji, bwana," akasema Owino.

Daktari akaleta kitambaa chenye mafuta ya taa. "Na hii?"

"Hiyo pia maji. Bwana leo ana maji mengi."

Watu wote barazani wakacheka, na Owino akacheka kuliko wote, kichwa nyuma, meno nje. Akaletewa karafuu, akaletewa sabuni, akaletewa tumbaku. Vyote vilikuwa maji. Mimi nilikuwa nimekumbuka samaki, na nilikuwa nimeelewa.

Daktari hakucheka. Alinivuta kando kidogo. "Mama, zamani huyu bwana yako nacheka namna hii?"

"Hapana. Alikuwa mtu wa kunyamaza."

"Kucheka naanza mbele ya kichwa kuuma, ama nyuma?"

"Mbele," nikasema. "Alianza kucheka kwanza."

Akatikisa kichwa. Alichukua penseli akanichorea kwenye karatasi fuvu kwa upande, akapiga mstari pale ambapo ubongo unalala juu ya pua, na juu ya mstari akachora kitu cha mviringo kama kiazi. "Hapa iko kitu namea. Pole pole, miaka. Nakula kamba ya harufu, nafinya kamba ya jicho. Hii jicho nakufa tayari. Ile ingine nafura, itakufa. Mbele ya ubongo ni pahali ya haya, pahali ya kufikiri. Nafinya hapo pia. Hiyo kucheka, mama, ni ugonjwa."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimezika watu, nimezaa watoto na mume mwingine, lakini sijaambiwa neno zito kuliko hilo. Aliendelea kusema kwamba Ulaya na Amerika kuna madaktari wachache wanaofungua kichwa na kuutoa uvimbe wa namna hiyo, na wengi wanakufa mezani, na hapa Kenya hakuna wa kujaribu. Yeye mwenyewe kazi yake ni macho. Alisema pole kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa nahesabu vitu vingine: shingo yangu nzuri, madirisha pande zote, mkono kiunoni.

Jioni tulirudi chumbani. Kemunto alisikiliza yote ukutani, maana nilikuwa nalia na kujisemea upande wangu, kisha akaja na akasema, "Kwetu kuna mtu anayefungua kichwa."

Alikuwa mjomba wake, kaka ya mama yake, aliyemlea tangu mama yake alipokufa. Wakisii wanamwita mtu wa namna hiyo omobari. Mtu akipigwa rungu vitani au akianguka kutoka juu ya mti, halafu kichwa kikaendelea kumuuma miezi na miezi, omobari anapasua ngozi, anakwangua mfupa pole pole mpaka aupate ufa, anautoa, na mtu anarudi shambani. Nilikuwa nimewaona wazee wa Kisii wakiwa na mabonde kichwani, wanacheka na kuvuta tumbaku. "Lakini kuna jambo," Kemunto akasema. "Hafungui ila mtu aliyepigwa. Ugonjwa mwingine wa kichwa hagusi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Akifungua bila pigo mkono wake unaharibika, na watu hawamwamini tena."

"Owino hakupigwa."

"Anabeba kuni," akasema. "Gogo linaweza kuanguka." Aliniona nataka kusema, akanizuia. "Wewe Kikisii hujui. Kwa hivyo wewe hujasema kitu. Mimi nitasema."

Tulishuka kupitia Sotik kwa mkokoteni wa mumewe hadi ulipofikia, kisha kwa miguu, Owino akishikilia bega langu na kuwasalimu hata mbuzi. Nyumbani kwa mjomba palikuwa safi kuliko hospitali. Uwanja umefagiwa, maji yanachemka na majani ndani yake, siagi kwenye kibuyu. Yeye alikuwa mtu mdogo wa mwili mwenye vidole gumba vipana. Alikipapasa kichwa cha Owino kote, macho yamefumbwa. Akauliza swali, na Kemunto akajibu, akigusa juu ya paji. Akauliza tena.

"Anauliza nini huyu mzee?" Owino akasema. "Mwambie ni nyati alinipiga. Hapana, mwambie ni mke wangu." Akacheka.

Mjomba alimtazama, akamtazama Kemunto, akauliza mara ya tatu. Kemunto alijibu akiwa ameangalia usoni mwake, bila kupepesa. Kwamba anadanganya nilijua tu kwa jinsi mishipa ya shingo yake ilivyosimama. Mzee akaagiza wembe.

Walimlaza ubavu kwenye majani ya mgomba, wanaume wanne wakamshika, ingawa hakupigana. Sitasema yote. Ngozi ilipasuliwa ikafunguliwa kama bahasha, damu ikakamuliwa kwa vidole, kisha kikaja chuma kilichopinda, nacho kikakwangua, kikakwangua, sauti kama mtu anayeosha sufuria iliyoungua. Vumbi la mfupa lilikuwa jeupe, lenye unyevu. Mzee alikuwa anasimama, anapangusa, anatafuta ufa, anaendelea. Owino alikuwa ananung'unika kidogo, mkono wake ndani ya wangu. Kisha mfupa ukaisha, na nikaona chini yake ngozi nyingine ya kijivu, imevimba na kukaza kama kibofu kilichopulizwa, haitembei. Mzee aliacha kukwangua. Alikaa hivyo kwa muda, chuma mkononi. Nadhani angeweza kufunga pale pale. Badala yake akaendelea kukwangua pembeni, akapanua, akapanua mpaka nafasi ikawa kama kiganja cha mtoto, na ile ngozi ya kijivu ikajitokeza, na halafu, pole pole, ikaanza kupiga. Ilikuwa inapanda na kushuka kama utosi wa mtoto mchanga.

Alipomaliza kufunga na siagi na majani alisema maneno machache kwa Kemunto, bila kupandisha sauti. "Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema amemaliza."

Ni njiani tukirudi, siku nyingi baadaye, kidonda kilipoanza kukauka, ndipo aliponiambia yaliyobaki. Mjomba alikuwa amesema mfupa ni mzima, hakuna aliyepigwa hapa, kuna kitu kinasukuma kutoka chini ambako mkono wake haufiki. Na alikuwa amemwambia tukishaondoka asiingie tena katika nyumba yake. Kemunto alisema hayo huku akirekebisha mzigo wangu mgongoni, kana kwamba anasema habari ya mtu mwingine. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakumwita tena, hata Kemunto alipojifungua.

Na Owino akarudi. Sijui neno lingine. Maumivu yaliisha, kutapika kukaisha, na asubuhi moja chumbani kwetu aliketi kitandani, kimya, na nilijua ule ukimya. Jicho la kulia lilikuwa limekufa, la kushoto lilimwonyesha mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Harufu haikurudi. Lakini alikuwa ni yeye. Mimi nilikuwa nimeanza kuchuma chai ili tusifukuzwe kwenye chumba, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kila asubuhi kabla ya kwenda nilikuwa naweka kiganja juu ya kichwa chake mahali pasipo na mfupa. Kama ngozi imezama kidogo na inapiga, nilikuwa naenda kazini nikiwa mwepesi. Huo ndio ulikuwa udaktari wangu.

Jioni moja nikikoroga uji aliniuliza, "Nyar Seme, miezi ile nilikuwa nacheka nini?"

Nikamweleza. Matanga, maua ya meneja, mlango wa arap Rono. Sikuficha, maana alikuwa ananisikiliza kwa namna ambayo mtu hawezi kudanganywa. Alifunika uso. Kisha akauliza, "Na wewe? Ulikuwa unaonaje?"

"Nilikuwa na furaha," nikasema.

Aliondoa mikono usoni. Upande wa pili wa ukuta Kemunto aliacha kusaga. "Mimi sikumbuki hata siku moja," Owino akasema. "Nimekupa mtu ambaye simjui." Halafu akasema jambo ambalo alikuwa amelifikiria, niliona hivyo, kwa siku nyingi. Alisema mahali pale kichwani pakianza kujaa tena, tusimpeleke kwa mzee. Asifunguliwe tena, na Kemunto asiulizwe. Tumpeleke nyumbani ziwani. "Na nikianza kucheka," akasema, "usicheke na yule. Yule si mimi."

Nikasema sawa. Tuliishi hivyo msimu mzima wa baridi. Tulikula viazi na mboga za kunde, nilimsomea Marko, alinirekebisha nilipokosea kwa sababu alikuwa anaijua kwa kichwa. Arap Rono alikuja, safari hii akaketi. "Chamgei, Pua," akamsalimu kwa lugha yake, na hakusema tena habari ya pombe, alileta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu akamwekea mkononi. Walizungumza juu ya majani.

Baada ya baridi, asubuhi moja, niliweka kiganja na ngozi haikuwa imezama. Ilikuwa sawa na mfupa. Wiki ile ile ikapanda, ikawa ngumu kama embe bichi, na haikupiga. Nilimwambia Kemunto peke yake. Alisema angeweza kwenda kumpigia mjomba magoti, na najua angekwenda. Nikamwambia Owino amekataa. Akafunga leso yake vizuri, akaanza kunisaidia kupanga vitu sandukuni.

Tulimpeleka nyumbani kabla ya mvua. Alikaa kwenye mkeka, kivulini, uso umeelekezwa kwenye ziwa asilolinusa wala kuliona, na siku moja niliketi karibu naye kumlisha, nikamsikia akivuta pumzi kwa furaha.

"Sauti yako nzuri," akaniambia. "Umeolewa?"

Nilishika bakuli. "Nimeolewa."

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko kazini. Kiwandani, Kericho."

"Mtu mwenye bahati," akasema, na akaanza kucheka, kile kicheko kirefu cha tumboni, mdomo umejaa ugali. "Ukimwona mwambie kuna mtu huku anamtamania mke."

"Nitamwambia," nikasema, na nikacheka naye.